Lori Linalozima Mchana Tu

Wiki iliyopita mliniacha barabarani saa saba mchana, nimekaa kwenye kivuli cha tairi la lori langu mwenyewe. Lilikuwa limezima kwa mara ya tatu ndani ya siku nne. Mwenye mbolea alileta lori jingine, wakahamisha mifuko yake yote mbele ya macho yangu, wakaondoka bila kunipungia hata mkono. Nikabaki na lori tupu na chupa ya maji ya moto.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitasema kwa kifupi. Lori hili tunaliita Kongwe. Tuliliendesha watu wawili, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja, kwa miaka kumi na moja. Miezi saba iliyopita nilimfukuza. Nilimfukuza mbele ya mama yetu, kwa maneno niliyokwisha kuyaandika hapa na ambayo sipendi kuyarudia, lakini nitayarudia.

Nilimwambia: "Lori halina ubovu. Ubovu ni wewe."

Sababu ni hii. Kongwe lilikuwa likimzimikia yeye tu. Tuligawana kazi: yeye mchana, mimi usiku. Mmoja akishika usukani, mwenzake amelala kwenye kitanda kile chembamba nyuma ya viti. Nikawa naamka nakuta lori limeegeshwa pembeni, yeye ameketi chini anachora mchanga kwa kijiti, ananiambia, "Kaka, limezima." Napanda, nawasha, linawaka. Mara ya kwanza hivyo, mara ya kumi hivyo. Mkononi mwangu linawaka kama halijawahi kuumwa.

Mngekuwa nyinyi mngewaza nini? Mimi niliwaza kwamba mtu mzima amechoka kazi na anaona haya kusema.

Mama alinisikiliza hadi mwisho siku ile. Kisha akasema, "Ukirudi tena hapa, uje naye. Ukija peke yako, usisumbuke kupiga hodi."

Sijarudi. Sijampigia mdogo wangu na yeye hajanipigia. Mke tuliachana zamani, nilishaeleza. Chumba nilichopanga nimekirudisha, nalala kwenye Kongwe. Nimebaki na lori na lori limebaki na mimi, na sasa, tangu nianze kubeba mizigo ya mchana, hata lenyewe limeanza kuniacha.

Nitawaambia kitu kidogo. Kitanda kile cha nyuma, kwa miaka kumi na moja, nilikuwa nakikuta cha moto. Mwenzangu anatoka, mimi naingia, shuka bado lina joto lake. Nilikuwa nalalamika sana. Namwambia, "Wewe bwana ni mkaa au ni mtu?" Sasa nakikuta baridi. Nalala na koti.

Tuendelee.

* * *

Kesho yake alfajiri, trekta ndilo lililonivuta hadi gereji ya Bi Waya. Ni mwanamke wa makamo, fundi wa umeme wa magari, mfupi, ana kalamu sikioni na tochi shingoni kama nesi wa zamu. Gereji yake ni bati refu, sakafu ya saruji iliyolowa mafuta, na ng'ambo ya barabara kuna saluni ya kina mama.

"Umelipeleka kwa mafundi wangapi?" aliniuliza kabla sijashuka.

"Wanne."

"Wamesema nini?"

"Wa kwanza alisema pampu. Wa pili chujio la dizeli. Wa tatu akasema nyaya zimezeeka."

"Na wa nne?"

"Alisema niliuze."

"Huyo wa nne ndiye rafiki yako." Akafungua mlango wa lori akapanda. "Wengine wote ulibadilisha walichosema?"

"Nilibadilisha."

"Na likaendelea kuzima."

"Likaendelea kuzima."

Akacheka kwa pua.

Kongwe ni katika malori ya mwanzo mwanzo kuwekewa kompyuta ya injini. Ni la zamani kiasi cha kuchekwa barabarani, lakini si la zamani kiasi cha kukosa kompyuta. Yaani limepata shida za pande zote mbili. Kompyuta hiyo ni kisanduku cha bati, ukubwa wa kitabu kinene, kimefichwa chini ya dashibodi upande wa abiria. Ndiyo inayoiambia injini lini inywe dizeli na inywe kiasi gani. Ikinyamaza, injini inanyamaza. Hayo yote nilikuwa siyajui. Nimeendesha miaka yote hiyo nikidhani kile kisanduku ni cha redio.

Bi Waya alibonyeza kitufe fulani chini ya usukani, akaniambia nitazame taa ya njano.

"Ihesabu."

Taa ikapiga mara mbili. Ikatulia. Ikapiga mara tano.

"Mbili, halafu tano," nikasema.

"Unajua maana yake?"

"Sijui."

"Maana yake kompyuta inajishtaki yenyewe. Lakini sitaki kuiamini taa peke yake. Kila fundi akishindwa kazi anasingizia kompyuta."

Akapima betri. Akapima fyuzi moja moja. Akalala chini ya lori akafungua waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye chesisi, akaukwangua kutu, akaurudisha. Alifanya hivyo asubuhi nzima, hazungumzi, anaandika namba kwenye kiganja. Kila alichopima kilikuwa kizima.

Ndipo akaja upande wa abiria na bisibisi. Kifuniko cha ile kompyuta kina skrubu nne. Alimulika tochi akasimama.

"Tatu zina vumbi la miaka," akasema. "Hii moja imefunguliwa karibuni. Nani kafungua hapa?"

"Si mimi."

Alipokitoa kifuniko, kitu kikaanguka miguuni pake. Daftari dogo, la kutia mfukoni, ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaliokota nikalirusha juu ya dashibodi. Nilidhani ni karatasi za mizigo ya zamani.

"Washa injini," akaniambia.

Nikawasha. Ikawaka vizuri. Bi Waya akavuka barabara, akaingia saluni, akarudi na mashine ya kukaushia nywele, na nyuma yake mama mmoja mwenye povu kichwani anapiga kelele kwamba hajamaliza.

"Dakika kumi tu, mama," Bi Waya akamjibu. "Nina mgonjwa."

"Mgonjwa gani ana nywele humo?"

"Huyu hapa," akasema, akaninyooshea kidole mimi mwenye upara. Saluni nzima ikacheka.

Akaielekeza ile mashine kwenye kompyuta, hewa ya moto ikaanza kuvuma. Injini inaunguruma vizuri. Dakika moja. Mbili. Tatu. Dakika ya nne Kongwe likakohoa, likatetemeka, likazima kimya. Nikawasha, halikuwaka. Nikawasha tena, wapi.

Bi Waya akachukua barafu iliyofungwa kwenye plastiki, akaibandika juu ya kisanduku. Tukasubiri. Akanyoosha kidole. "Sasa."

Nikawasha. Likawaka hapo hapo.

Alirudia mara tatu. Moto, linazima. Baridi, linawaka. Mara ya tatu hata yule mama mwenye povu alikuwa amesogea anatazama kwa makini, na ndiye aliyesema, "Kumbe ni joto."

"Ni joto," Bi Waya akasema. Akanigeukia. "Barabarani linazima saa ngapi?"

"Mchana. Saa saba, saa nane. Jua likishakuwa kali."

"Na usiku?"

"Usiku halijawahi kuzima."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Wakati huo nani alikuwa anaendesha mchana?"

Jamani, kuna swali ambalo mtu anaulizwa na jibu analijua, lakini ulimi unakuwa mzito kama umefungwa kitambaa. Nilishika usukani. Niliushika kwa nguvu ingawa lori halikuwa linakwenda popote.

"Mdogo wangu," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Ameacha kazi."

Hakuacha. Mnajua hakuacha. Lakini ndivyo nilivyosema.

* * *

Aliing'oa kompyuta akaiweka juu ya meza yake ya kazi. Akaifungua bati la juu. Mimi nilisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Njoo uone."

Ndani kulikuwa na kibao cha kijani chenye vijia vyembamba vya shaba. Kimoja kati ya vile vijia, pembeni, kilikuwa cheusi, kimevimba, kimepasuka ufa mdogo kama unywele.

"Hapa ndipo panapoachana kikipata joto," akasema. "Kikipoa, kinagusana tena. Hii haikufa kwa uzee. Hii imeunguzwa na umeme mwingi ulioingia kwa ghafla. Lori hili limewahi kuchomelewa chuma?"

"Hapana."

"Una hakika? Bampa, chesisi, popote? Mtu anachomelea huku nyaya za betri hazijavuliwa, umeme wa mashine unatafuta njia, unapita humu humu. Nimeona malori mengi yameuawa hivyo."

"Halijachomelewa," nikasema. "Labda kabla sijalinunua."

Huo ulikuwa uongo wa pili siku ile, na nilikuwa naukumbuka moto wa kuchomelea vizuri sana. Bampa lilikuwa limelegea. Niliazima mashine kwa jirani nikalichomelea mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama. Mdogo wangu alikuja mbio na spana mkononi, anasema, "Kaka, ngoja, nivue betri kwanza." Nikamwambia apishe.

Bi Waya alifuta mikono, akapanda kwenye lori kutafuta kalamu yake, akashuka na lile daftari.

"Hili lilikuwa limekaa juu ya kompyuta," akasema. "Mtu haweki daftari pale kwa bahati mbaya. Soma."

"Miwani sina."

Miwani ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeshauona mwandiko. Mimi niliacha shule mapema, naandika kama ninachimba. Mdogo wangu anaandika herufi ndogo, zimelala upande mmoja, zimenyooka. Stakabadhi zote za mizigo alijaza yeye.

Basi Bi Waya akasoma kwa sauti, katikati ya gereji.

"Jumanne. Kaka amechomelea bampa. Betri haijavuliwa. Nimemwambia, amesema ni wanawake wanaoogopa cheche."

Akanitazama juu ya daftari. Akairudia ile sentensi ya mwisho taratibu, neno kwa neno, kisha akafungua ukurasa wa pili bila kusema kitu. Afadhali angenitukana.

"Alhamisi, saa nane mchana. Limezima mlimani. Taa imepiga mbili, tano. Kaka amelala, sikumwamsha. Baada ya dakika thelathini na tano limekubali.

"Jumamosi, saa saba na nusu. Limezima karibu na daraja. Mbili, tano. Kaka amelala. Aliendesha usiku kucha, acha apumzike.

"Jumatatu, saa saba. Limezima. Kaka ameamka mwenyewe, amewasha, likawaka. Amekasirika. Nimejaribu kumweleza habari ya taa, hakutaka kuisikia.

"Jumatano, saa nane. Limezima. Nadhani ni kisanduku. Nimefungua skrubu moja, nimeinua kifuniko, nimekigusa, kinaunguza. Kaka amelala. Sikumwamsha."

Kurasa kumi na nne. Karibu kila ukurasa una maneno hayo: kaka amelala, sikumwamsha.

Mnaelewa kilichotokea? Laiti angeniamsha pale pale lilipozima, ningewasha lisingewaka, ningeshuhudia kwa macho yangu. Lakini aliniacha nilale. Alikaa juani nusu saa, saa nzima, kwa sababu mimi nimekesha. Mimi naamka nimeshiba usingizi, kisanduku kimeshapoa, nawasha, linawaka, na kwa mkono ule ule uliowasha nikamnyooshea kidole.

Ule wema wake ndio nilioufanya ushahidi dhidi yake.

"Nani alichomelea?" Bi Waya akauliza tena. Hakuinua macho.

"Ni mimi," nikasema.

"Haya," akasema. "Sasa tunaweza kufanya kazi."

* * *

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba ndefu, ile iliyogongwa kwenye bati la kompyuta, na chini yake: "Yadi ya vyuma chakavu nyuma ya soko la mbao. Mzee anayo moja, namba zinafanana zote. Nitampeleka kaka aione."

Nilikwenda kwa miguu. Mzee wa yadi alikuwa amekaa juu ya kiti cha basi kisicho na basi, anakunywa maji. Nikampa ile namba.

"Eh!" akasema. "Wewe ndiye kaka?"

"Kaka wa nani?"

"Wa yule mrefu, mpole. Alikuja hapa mara tatu. Akanisihi nisiuvunje mtambo huu, nisimpe mtu, anamleta kaka yake auone kwa macho. Nikamwambia, bwana, si uchukue tu? Akasema, hapana, lori ni letu wawili, lazima akubali." Akainuka, akaingia kwenye kontena, akatoka na kisanduku kimefungwa gunia. "Nimekitunza. Mbona hakuja mwenyewe? Mzima?"

"Mzima."

"Msalimie sana. Mwambie nilitunza."

Nilikibeba kile kisanduku kifuani kama mtoto mchanga. Njiani nilipita mbele ya kioo cha duka, nikajiona. Nikavuka barabara upande wa pili.

Nilipofika gereji, kabla Bi Waya hajainua bisibisi, niliruka nikavua nyaya zote mbili za betri. Nikaziweka mbali, nikazifunika kwa kitambaa.

"Umejifunza," akasema.

"Nimechelewa."

"Sijasema umewahi. Nimesema umejifunza."

Akafunga kompyuta. Akarudisha plagi zake, kubwa na ndogo, akabana skrubu nne. Tukarudisha betri. Nikapanda, nikaingiza ufunguo, nikazungusha. Stata ikazungusha injini kwa nguvu zote, lakini haikushika. Nikarudia. Haikushika. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu, ambayo sijawahi kuiona ikiwaka, ikaanza kukonyeza.

"Nini tena?" nikapaza sauti.

"Tulia. Hiyo si ubovu. Haikujui." Bi Waya alikaa kwenye kiti cha abiria, kile ambacho bado kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu ya mtu mwingine. Miguu yake yeye haikugusa sakafu. "Malori haya yalitoka na funguo mbili. Ukiweka kompyuta nyingine, inakubali lori pale inapotambulishwa funguo zote mbili, huu uingie, utoke, na wa pili uingie papo hapo. Ukileta mmoja, inakuhesabu mwizi."

"Huwezi kuidanganya?"

"Mashine ya kuidanganyia lori la umri huu mimi sina, na sijui aliyenayo. Leta ufunguo wa pili, ni kazi ya dakika moja. Uko wapi?"

Uko wapi.

Siku ile, mbele ya mama, mdogo wangu aliutoa mfukoni akaniwekea mezani. Mimi nikamrudishia, nikasema, "Kaa nao, ukukumbushe ulichokipoteza." Niliona nimesema neno la maana sana. Nilitembea nalo barabarani wiki nzima, nalirudia peke yangu, nafurahi.

"Anao mdogo wangu," nikasema.

Bi Waya akashuka. "Basi nakwenda kurudisha mashine ya watu saluni," akasema. "Nitakawia kidogo." Mashine alikuwa amekwisha kuirudisha zamani. Niliielewa heshima yake.

* * *

Nilipiga. Simu ikaita muda mrefu. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru kwamba hapokei, ndipo akapokea.

Hakusema halo. Nilisikia pumzi yake tu, na nyuma yake mtu anapiga msumari.

"Ni mimi," nikasema.

"Limezima?" akauliza.

"Limezima."

"Saa ngapi?"

"Jana, saa saba na robo."

"Jua lilikuwa kali?"

"Kali."

"Ulikuwa macho?"

Sikujua macho yangu nifanye nayo nini. Nikayatuliza kwenye ile taa nyekundu.

"Nilikuwa macho," nikasema.

Akavuta pumzi, akaiachia. Miezi saba yote ilikuwa kwenye pumzi ile.

"Tumeliona daftari lako," nikaendelea haraka haraka, maana niliogopa kimya chake. "Ni kompyuta, kama ulivyosema. Mzee wa yadi aliitunza. Anakusalimia. Tumeshaifunga. Iko sawa. Ila haiwaki mpaka funguo zote mbili."

Msumari ukanyamaza kule nyuma.

"Kwa hiyo unataka ufunguo," akasema.

Wasomaji wangu, mimi nimeahidi hapa kwamba sitajipamba. Pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na maneno. Ningesema, sitaki ufunguo, nakutaka wewe. Ningesema, nisamehe, nililala. Hata ningemwita tu, mdogo wangu, nikanyamaza, angejua.

Nikasema, "Ndiyo."

"Sinao," akanijibu. "Siku ile ile nilimwachia mama."

Akakata. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Ilikuwa imezimwa.

* * *

Dereva wa lori la mchanga alinipa lifti. Kwa miaka mingi sikuwahi kukaa kiti cha abiria mchana. Nilitazama nje njia nzima. Mlima ule, lile daraja, vibanda vya pembeni, njia hii nimezoea kuipita gizani tu, na sikujua kwamba daraja lina ukingo wa rangi ya bluu. Mdogo wangu alikuwa anajua.

"Umepotelewa na nini, mzee?" dereva akaniuliza.

"Kwa nini?"

"Unashika shika mfuko."

Nilikuwa nimeweka daftari humo.

Alinishusha kwenye kona ya mtaa wa mama saa kumi jioni. Nyumba ni ile ile, mlango wa kijani, ngazi mbili za saruji, ndoo imepinduliwa ili ikauke. Nyuma ya nyumba, kwenye ukuta unaoonekana kutoka kwenye kona, bado lipo lile doa jeusi la moto wa kuchomelea. Nililiona tangu barabarani. Nilijiuliza imekuwaje sikuliona siku zote.

Nilisimama kwenye ngazi. Aliniambia nikija peke yangu nisisumbuke kupiga hodi. Kwa hiyo sikupiga. Nilisimama tu, mikono chini, kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Mama ana masikio. Hatua zangu anazijua tangu nimeanza kutembea. Nikasikia kandambili zake zinaburuzwa ndani, zinakuja, zinasimama upande wa pili wa mlango. Kati yetu ilikuwa ni mbao tu.

"Mmekuja wangapi?" akauliza.

Nilikuwa nimekwisha kudanganya mara tatu siku ile, na uongo wa nne ulikuja wenyewe mdomoni. Ningesema wawili, angefungua. Ningesema anakuja nyuma. Nilimwona jinsi atakavyochungulia begani kwangu kumtafuta.

"Mmoja, mama," nikasema. "Nimekuja mmoja. Lakini hakuwa na kosa. Lori lilikuwa bovu kweli. Niliharibu mimi."

Nikalitoa lile daftari, nikalipitisha chini ya mlango, nikalisukuma kwa kidole mpaka likaishia. Nikasikia likiokotwa. Nikasikia karatasi zikifunuliwa, moja, nyingine, polepole, maana naye hasomi haraka.

Jua lilikuwa linanichoma shingoni. Sikusogea. Nilijiambia, nusu saa. Yeye alikuwa akikaa nusu saa.

Kisha karatasi zikaacha kufunuliwa, na komeo la mlango likasogea.

Mlango ule una makomeo mawili, na yote yana mlio mmoja. Sikujua kama mama analifungua la kwanza, au anaongeza la pili.